UKUTA WA BAFU



Mwezi huu twaomba ruhusa tuache kidogo mazungumzo ya darasani, tuingie nyumba kwa mlango wa nyuma, tufike mahali ambapo watu hawapendi kupataja mbele ya wageni, napo ni bafuni. Asidhani mtu kuwa jambo hili ni dogo. Mtoto akisha kuzijua herufi zake, mlango wa kwanza anaofundishwa ni mlango wa twahara. Na mtu hutoka bafuni akaenda kusimama mbele ya Mola wake. Basi nyumba ambayo sebule yake imepambwa kwa mazulia na bafu lake limeoza, nyumba hiyo ina kasoro, ijapokuwa mgeni haioni.

Vijana wawili waliopata kusoma kwetu, mmoja yuko Biharamulo na mwingine Rulenge, wametuuliza swali moja. Wataka kutengeneza mabafu ya nyumba zao kwa mikono yao wenyewe, na wameona mjini zile mbao nyeupe za jipsamu zinazowekwa kwenye dari na kwenye kuta za kugawia vyumba. Je, zafaa kwa bafu? Tungeweza kuwajibu kwa neno moja. Lakini jambo hili limetupata sisi wenyewe, na mwenye kuungua ndiye ajuaye moto. Kwa hiyo tutaeleza kwanza yaliyotufika, kisha tueleze sababu yake, kisha tuonyeshe njia iliyo sawa.

YALIYOTUFIKA

Nyumba yetu iko katika wilaya ya Ngara, ubavuni mwa kilima, kama zilivyo nyumba nyingi za huku. Imejengwa kwa tofali za kuchoma, na bafu lilikuwa nje, hatua 30 hivi kutoka mlango wa nyuma, limezungushiwa mabati. Mama yetu mzazi, aliyekwisha kupita miaka 80, anakaa pamoja nasi. Alfajiri moja ya mwezi wa Aprili 2022, mvua ikinyesha, aliteleza akienda kutawadha. Mwenyezi Mungu alimhifadhi, hakuvunjika kiungo. Lakini tangu siku ile tuliazimia kuwa Mama hatatoka tena nje usiku kwa ajili ya maji.

Tulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea maharage, kimepakana na chumba anacholala Mama. Tukakusudia kukigeuza kiwe bafu. Kuta zake tatu zilikuwa za tofali, na wa nne, ule unaokitenga na chumba cha Mama, ulikuwa wa fito na udongo. Kijana wetu wa pili alikuwa amefanya kibarua Mwanza pamoja na mafundi wa dari. Akatuambia, "Baba, tuubomoe huu wa udongo, tuweke jipsamu. Siku tatu kazi imekwisha, na ukuta utakuwa mweupe kama karatasi." Neno hilo likatupendeza. Mshahara wa mwalimu wa madrasa mnaujua, na kitu cha haraka chenye sura nzuri humvuta mtu asiye na kitu kuliko mwenye nacho.

Jirani yetu mmoja, mzee Mkristo, fundi wa uashi wa miaka mingi, alipita akaziona zile mbao zimeegemezwa barazani. Akasimama akasema, "Maalim, hizo ni za dari. Maji yakizipata zitakusumbua." Sisi tukamjibu kwa maneno ambayo hata leo twaona haya kuyaandika. Tulimwambia kuwa mambo ya kisasa yana elimu yake. Yule mzee akatabasamu, akaaga, akaenda zake.

Kazi ilikwisha kwa siku nne. Tulisimamisha fito za mbao, tukakaza jipsamu pande zote mbili, tukaziba viungo, tukapaka rangi. Kwa kweli ukuta ulipendeza. Tukawa tukiwapitisha wageni kulitazama bafu kabla hawajakaribishwa chai. Na Mama akatuombea dua.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mambo yakageuka. Ngara ni nchi ya vilima na baridi; mtu huoga kwa maji ya moto na mlango umefungwa, mvuke ukajaa ndani usipate pa kutokea. Kwanza tuliona doa la manjano chini ya ukuta. Kisha vitone vyeusi vya kuvu. Kisha harufu kama ya karatasi iliyolala maji. Nasi tukafanya kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: tukapaka rangi juu ya doa. Kuficha ugonjwa si kuutibu, lakini tulikuwa tumekwisha kujisifu, na mwenye kujisifu huona tabu kurudi nyuma.

Mwezi wa Januari 2023 tukaanza kusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa usiku. Tukimwuliza Mama, husema alikuwa akitazama kuku. Hata siku moja mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka saba, akatuambia, "Bibi haogi humu. Anaoga kule nje, mimi namshika mkono."

Tukaenda tukaketi mbele ya Mama. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, ukuta wako uliniachia mkono. Niliushika nipate kuinuka, ukazama kama ugali. Sikutaka kukuvunja moyo. Umeujenga kwa ajili yangu."

Tukaingia bafuni. Kanga yake ilikuwa imetundikwa msumarini ukutani, nasi siku zote tulidhani imeanikwa. Tulipoiondoa tukaona tundu la kupita ngumi. Mama alikuwa amelifunika ili wageni wetu wasilione.

Wasomaji wetu, hatukupata usingizi usiku ule. Tulijenga bafu ili mzee asiteleze nje, kumbe tumemrudisha nje, tena kwa siri, tena na mtoto mdogo. Asubuhi tukaenda nyumbani kwa yule fundi kumtaka radhi. Hakutusuta. Alisema tu, "Maalim, ukuta uliokosewa hubomolewa. Ngoja mvua zipungue, twende."

JIPSAMU NI KITU GANI

Sasa tueleze sababu, ili mtu asichukie kitu bure. Jipsamu ni jiwe jeupe laini linalochimbwa ardhini. Hapa kwetu Tanzania lajulikana sana lile la Makanya, katika wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro. Ndani ya jiwe hilo maji yamefungamana nalo. Likitiwa moto wa kiasi, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka, likawa unga. Unga huo ukichanganywa tena na maji hurudi kushikamana ukawa mgumu kwa muda mfupi. Hata saruji tunayoinunua hutiwa jipsamu kidogo kiwandani, ili isigande upesi kabla fundi hajaitandaza.

Ubao wa jipsamu ni unga huo uliogandishwa katikati ya karatasi mbili nene. Aghalabu upana wake ni sentimita 120 na urefu wake sentimita 240. Asili yake ni Marekani, ambako Augustine Sackett alipata hati ya ugunduzi wa ubao wa namna hii mwaka 1894. Ulienea sana baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, nyumba zilipotakiwa kwa wingi na kwa haraka, kwani lipu ya maji huchukua majuma kukauka, na ubao hukauka kabla haujafika nyumbani. Basi sifa yake ni wepesi, unyofu na haraka. Tena hauchomeki upesi, kwa sababu ya yale maji yaliyomo ndani yake.

Lakini una adui mmoja, naye ni maji ya kila siku. Karatasi yake hunywa maji kama utambi unywavyo mafuta. Ukilowa, unga wa ndani hulainika, na karatasi huwa chakula cha kuvu. Kuvu hiyo humdhuru mwenye pumu na mtoto mchanga na mzee. Tena kuna jambo la twahara. Ukuta wa saruji ukirukiwa na uchafu wa choo, humwagiwa maji ukasafika. Ama ubao uliokwisha kunywa uchafu, maji huupita juu tu, na uchafu umebaki ndani. Mwenye kuhadhari na nguo yake asiguse ukuta wa namna hiyo ana haki.

Wenzetu waliotutangulia walilijua jambo hili la maji na kuta. Katika Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14, limo birika la kuogea lenye pembe nane. Na kule Kidichi, Unguja, Sayyid Said alijenga mabafu mwaka 1850, ndani yake mna nakshi za lipu. Wajenzi wa pwani walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakaipiga mpaka ikashikana. Kazi hizo zimeonekana na vizazi vingi. Bafu letu halikufika hata mwaka.

NAMNA TULIVYOJENGA UPYA

Kiangazi cha mwezi wa Juni 2023 tukabomoa. Haya ndiyo aliyotufundisha yule mzee, nasi tumeyaandika ili kijana mwenye nia aweze kuyafuata.

Kwanza, msingi. Tuliondoa udongo wa ukuta wa zamani mpaka tukafika ardhi ngumu, tukapanga mawe kwa saruji, na juu yake tukatandika nailoni nzito ili unyevu wa ardhi usipande ukutani. Kisha tukapandisha ukuta wa tofali za kuchoma. Kila tofali ilichovywa majini kabla ya kuwekwa, kwa kuwa tofali kavu huunyonya udongo wa saruji ukafa kabla haujashika. Kila baada ya mistari mitatu fundi aliangusha timazi, akaweka na pima maji.

Pili, mchanga. Usiamini rangi yake. Tia mchanga kiasi katika chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uiache saa kadhaa. Mchanga utashuka chini na tope litakaa juu yake. Tope likipita sehemu moja katika kumi, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine. Mchanga mchafu ndio unaoifanya lipu ipasuke.

Tatu, lipu. Changanya ndoo moja ya saruji na ndoo nne za mchanga, uchanganye vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji. Changanya kiasi utakachokimaliza kwa saa moja, usizidishe. Lowesha ukuta, upige mkono wa kwanza, uukwaruze ungali mbichi ili mkono wa pili upate pa kushika. Ukisha, unyooshe kwa ubao ulionyooka, kisha kwa mwiko. Baadaye mwagia maji ukuta huo asubuhi na jioni kwa siku saba. Vijana wengi huacha jambo hili, wakadhani lipu yataka kukaushwa. La, saruji hupata nguvu kwa kunyweshwa. Na mikono ivishwe glovu, kwa sababu saruji mbichi huchoma ngozi.

Nne, sakafu. Maji yasisimame hata kidogo. Kila mita moja ishuke sentimita mbili kuelekea tundu la kutolea maji. Kabla ya kuweka vigae tulimwaga ndoo moja ya maji tukatazama yanakokwenda. Yaliposimama pembeni, fundi akatengeneza tena. Vigae vya sakafuni viwe vya kukwaruza, visiwe vya kuteleza. Ukutani tukavipandisha mpaka sentimita 180, yaani juu ya kichwa cha mwenye kuoga. Asiye na uwezo wa vigae asihuzunike. Saruji tupu iliyolainishwa kwa mwiko juu ya lipu njema inatosha sana.

Tano, mshikio. Hili ndilo alilolihitaji Mama tangu mwanzo, nasi hatukulifikiri. Karibu na pa kukalia na karibu na mlango tulikaza bomba la chuma ndani ya tofali kwa saruji. Nasi tukalijaribu kwa kuning'inia kwa uzito wetu wote kabla ya kumwambia Mama alishike. Ubao wa jipsamu peke yake hauwezi kubeba uzito wa mtu. Ikiwa una ukuta wa jipsamu mahali pakavu na wataka kuutundikia kitu kizito, weka kipande cha mbao nene nyuma yake kabla ya kuufunga.

Sita, pa kutokea mvuke. Tulifungua dirisha dogo juu, chini kidogo ya dari, lenye wavu. Na swichi ya taa tukaihamisha nje ya mlango, mkono wenye maji usiiguse.

JE, JIPSAMU ITUPWE?

La. Hatukuitupa. Mbao zilizobaki nzima tuliziweka kwenye dari ya sebule, mahali pakavu, nazo zapendeza hata leo. Kila kitu na mahali pake. Kwa dari ya bafu kuna aina iliyotengenezwa kustahimili unyevu, aghalabu karatasi yake ni ya kijani. Hiyo hustahimili mvuke, lakini nayo haikuumbiwa kumwagiwa maji. Mwenye kuitumia na atazame haya.

Fito za mbao zinyooke, zipakwe dawa ya mchwa, na nafasi baina yake iwe sentimita 40, ili kila ukingo wa ubao uangukie juu ya fito. Kukata ubao hakutaki msumeno: chora mstari kwa kisu upande mmoja mpaka karatasi ikatike, uvunje kwa nyuma, kisha ukate karatasi ya upande wa pili. Skrubu iingie mpaka kichwa chake kizame kidogo, lakini isiichane karatasi, kwani karatasi ndiyo iliyoshika. Viungo vya mbao visikutane vyote mahali pamoja, vipishane kama tofali. Zikiwekwa ukutani, ziachwe sentimita moja juu ya sakafu, zisinywe maji ya kupigia deki.

Kisha kumalizia, na hapa ndipo subira ya mtu hujulikana. Tandaza dawa ya viungo, laza utepe juu yake, uukandamize usiwe na pumzi ndani. Ngoja ukauke. Piga mkono wa pili, mpana kuliko wa kwanza. Ngoja ukauke. Piga wa tatu, mpana zaidi na mwembamba zaidi. Ndipo usugue kwa msasa laini, na pua umeifunga kitambaa, kwa maana vumbi lile ni baya kifuani. Shikilia taa ubavuni mwa ukuta, si mbele yake. Mwanga wa ubavuni hufichua kila bonde. Mwenye haraka hupiga mikono mitatu kwa siku moja, na baada ya mwezi viungo vyote hujichora tena mbele ya wageni.

MAMBO YASIYOSAHAULIWA

Kabla ya kuchimba tundu la choo, jua kibla chako. Kwetu Ngara na Biharamulo kibla ni kaskazini, kikiinamia mashariki kidogo. Basi choo kikilazwa kwa upande wa mashariki na magharibi, mwenye kukaa hataelekea kibla wala kukipa mgongo, na gharama haiongezeki hata senti moja ikiwa imefikiriwa mapema. Tena tazama sitara: dirisha liwe juu, lisimfichue mwenye kuoga wala lisielekee ua wa jirani.

Na juu ya gharama tuseme ukweli. Jipsamu yafika huku kwa malori, ikipita Kahama na Nyakanazi na Lusahunga. Ikitoka Dar es Salaam imesafiri zaidi ya kilomita 1,000, na kila ubao unaovunjika njiani hulipwa na mnunuzi. Tofali za kuchoma hupatikana hapa hapa, na fundi wa kuzijenga ni jirani yako. Sisi tulipojumlisha, tuliona kuwa bafu letu la rahisi lilitugharimu mara mbili: mara ya kulijenga na mara ya kulibomoa.

Enyi vijana, hatuwakatazi kujifunza kazi kwa mikono yenu. Ni fahari kwa mtu kuijenga nyumba yake, na kijana wetu sasa ajua uashi na dari pia, kwani alimshikia fundi karai tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Twawaomba neno moja tu. Akija mtu mwenye miaka mingi katika kazi akasema "hili halifai", mkaribisheni aketi, mwulizeni kwa nini. Asiwe wa dini yenu, asiwe na hati ya shule. Ujuzi wake ni haki yake, na kuusikiliza ni faida yenu.

Na mwenye mzee nyumbani asingoje kuambiwa. Wazee wetu hustahimili mengi ili wasituvunje moyo. Ingia bafuni mwenyewe, shika ukuta anaoushika, kaa mahali anapokaa, utazame kama unaweza kuinuka.

Mama yetu yu hai, Alhamdulillahi. Mlango wa nyuma haufunguliwi tena usiku. Na kanga yake bado hutundikwa msumarini bafuni. Lakini sasa tukiiondoa, nyuma yake twakuta kigae.

Mwezi ujao, In-shaa-Allah, tutazungumza juu ya kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya nyumba na msikiti.

Wabillahi tawfiq.